Kinyama Kimoja Hakitoshi

"Kinyama kimeshapimwa, si kansa." Maneno hayo yakitamkwa, faili hufungwa, mgonjwa hurudi nyumbani na tyubu nyingine ya dawa, na ndugu humshukuru Mungu. Mara nyingine shukrani hizo ni za mapema. Kwa kansa iitwayo limfoma ya seli T ya ngozi, hasa aina yake kuu, maikosisi fangoidesi, jibu moja safi halimalizi kesi.

Tuelewane: mabaka mengi ni fangasi au pumu ya ngozi tu, na kansa hii ni adimu. Sisemi habari za upele wa wiki mbili. Nasema baka lililokaa miaka matakoni, mapajani au kiunoni, mahali jua halifiki, linalofifia ukipaka na kurudi ukiacha. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huo wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani. Baka huwa jeupe-jeupe, na kila jirani ana jina lake: mba, fangasi, hata ukoma.

Haya, mgonjwa anakatwa kinyama, kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Mwanzoni seli mbaya huwa chache, zimejichanganya na seli za kawaida za mzio na kufanana nazo, kiasi kwamba hata bingwa wa patholojia huandika "ukurutu" kwa uaminifu kabisa. Tena mgonjwa alipaka krimu ya steroidi hadi asubuhi ileile, na steroidi huzipunguza seli zilezile zinazotafutwa! Ndiyo maana wajuzi humwachisha krimu wiki mbili hadi nne, hukata sehemu zaidi ya moja, na baka likikaidi hurudia baada ya miezi kadhaa. Huko Ulaya kwenyewe, pamoja na vipimo vyote vya alama za seli na vinasaba, wengi hungoja miaka ndipo ugonjwa utambuliwe.

Nitaambiwa vipimo ni ghali na maabara ziko mbali. Kweli. Lakini kuacha krimu hakugharimu kitu. Wala daktari hatozwi kwa kuandika kwenye fomu baka lina muda gani, liko wapi na limepakwa nini. Fomu yenye neno moja tu, "upele", inampeleka mtu wa maabara gizani.

Wewe mwenye baka la miaka: nenda na tyubu zote ulizopaka, kubali kukaguliwa mwili mzima, na ukiambiwa jibu ni safi ilhali baka lipo, uliza utakatwa tena lini.