Reli Ipitayo Mlangoni

Yasemwa mara nyingi kuwa watu wa Kibera hawaitaki reli. Asemaye hivyo hutoa ushahidi wa mapema mwaka 2008, vijana walipong'oa vyuma vya njia katika fujo zilizofuata uchaguzi, mizigo ya Uganda ikakwama. Kitendo kile kilikuwa kiovu, wala sikitetei. Lakini kuwahukumu watu wote kwa hasira ya siku chache ni hukumu ya mvivu. Mkaazi wa Kibera huishi na reli kila siku: mtoto huifuata kwenda shule, mchuuzi hutandaza mboga kando yake, na honi ikilia kila mtu hukusanya chake akaipisha. Reli humpita mlangoni. Ni nadra imchukue.

Nairobi ilizaliwa na reli mwaka 1899. Kituo kipya cha Syokimau kikafunguliwa mwaka 2012, na miaka minane baadaye yakaletwa magari ya moshi yaliyokwisha kutumika Uhispania. Haya ni mema. Hata hivyo, upande wa Kibera na Kikuyu safari ni chache mno, na mtu wa Kawangware hana hata njia ya reli mtaani kwake. Mwaka 2022 barabara ya juu ya kilomita 27 ilifunguliwa toka Mlolongo hadi Westlands, nayo hupitwa kwa ushuru na wenye magari. Basi nauliza, kibarua asiye na gari amejengewa nini?

Nitaambiwa kwamba amejengewa nyumba. Ni kweli, mwaka 2009 baadhi ya wakaazi wa Soweto Mashariki walihamishwa ili ghorofa zijengwe kijijini mwao. Lakini ghorofa haimfikishi mtu kazini. Vibarua wa Viwandani huchaguliwa langoni alfajiri. Achelewaye hurudi mikono mitupu, na nauli ya matatu, ambayo hupanda mvua inyeshapo, humla ujira kabla hajaupata. Ndiyo maana wengi huenda kwa miguu, saa nzima na zaidi, wakafika kazini wamekwisha kuchoka.

Wengine husema njia ile ni moja tu, haiwezi safari nyingi. Njia moja yenye mahali pa kupishana huweza safari nyingi kuliko zilizopo. Tena fanyeni hesabu, enyi wanafunzi: abiria 1,000 wakipanda matatu za viti 14 huhitaji magari zaidi ya 70, na magari hayo yote hugombea barabara ile ile ya Ngong au ya Mbagathi. Treni moja huwachukua kwa dereva mmoja.

Mwandika ratiba na aanze na saa ambayo lango la kiwanda hufunguliwa, kisha ahesabu kurudi nyuma hadi kituo cha Kibera. Treni ifikayo baada ya vibarua kuchaguliwa haiwafai kitu, hata ikiwa mpya na viti vyake vizuri.