Kabla ya Kuitikia Ofa ya Nairobi, Piga Hesabu ya Mkononi

Mwambie mtu wa Kaptembwo au Free Area kwamba umekataa kazi ya shilingi 70,000 Nairobi ili ubaki Nakuru na 45,000 yako. Atakuuliza kama umerogwa. Mjomba ambaye hajawahi kukupigia simu atapiga. Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, mtu ataandika kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani. Wana haki ya kushtuka. Ajira ni ngumu, na unawajua wenzako wenye digrii wanaoendesha boda hapa mjini. Lakini mshtuko si hesabu. Hebu tupige hesabu.

Ofa hutajwa kabla ya makato, na wewe huli pesa za kabla ya makato. Chukua viwango vilivyotumika baada ya Februari 2025. Kwa mishahara yote miwili, NSSF inakata asilimia 6, bima ya SHIF asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kinachobaki kinaingia PAYE: asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza, 25 kwa 8,333 zinazofuata, 30 kwa zinazozidi hapo. Halafu unaondolewa 2,400 kwenye ushuru huo.

Ukimaliza, 45,000 inakuwa kama 35,900 mkononi. Ile 70,000 inakuwa kama 51,600. Kumbe ile tofauti ya 25,000 iliyokunyima usingizi ni 15,700 hivi. Ndiyo, za NSSF ni zako za uzeeni, lakini landilodi wa Nairobi hatakungoja uzeeke.

Sasa hiyo 15,700 ianze kazi. Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, kwa hivyo lazima uhame. Kama hapa unaishi kwenu Lanet au umegawana keja na dadako, kule unaanza na kodi nzima, deposit, godoro na mtungi wa gesi. Ongeza nauli ya kazini kila siku, na nauli ya kurudi nyumbani kila kukiwa na msiba. Wewe ndiye unajua bei zako, ziandike kwenye karatasi. Kuna atakayebaki na pesa nzuri, na huyo apande matatu bila kuangalia nyuma. Kuna atakayegundua kwamba amehama ili kulipa gharama za kuhama.

Kuna pia vitu visivyo na risiti: kuku wako, robo ekari ya viazi kule Molo, darasa la jioni, shosh anayehitaji mtu wa kumpeleka kliniki. Ukiondoka, ama umlipe mtu avishughulikie, ama vife. Hiyo nayo ni gharama.

Mimi nilikataa ofa ya aina hii mwaka jana. Niliachia chuo njiani kwa kukosa karo, kwa hivyo wengi waliona mtu kama mimi hana ruhusa ya kuchagua. Lakini mdogo wangu yuko sekondari ya kutwa na anaishi kwangu. Ningeondoka, angebaki peke yake kwenye ploti jioni zote. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Kuna miezi ambayo hizo elfu 15 zingeniokoa.

Watu wa huku wanapenda kumtaja Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa Keriko, kijijini Pwani, Njoro. Machi 2019 alitangazwa mshindi wa Global Teacher Prize kule Dubai, dola milioni 1, na dunia ikajua kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Namheshimu sana. Lakini yeye ni mtawa wa Wafransisko, na maisha aliyoyachagua hayana mke wala mtoto anayesubiri karo. Cha kujifunza kwake ni kujua pesa ni za nini kabla hazijafika. Mtu asimtumie kukuambia uridhike na kidogo.

Maana mtego uko hapo. Bosi akisikia umekataa ofa, anaweza kusema “wewe huna tamaa ya pesa” na kukuacha na mshahara uleule miaka mitatu. Kataa hiyo pia. Kama umebaki kwa sababu ya familia, hiyo ni zawadi kwa familia yako, si kwa kampuni. Tumia ofa uliyopata kuomba nyongeza. Kama hawana pesa, omba saa: Ijumaa mchana, au siku mbili za kufanyia kazi nyumbani. Na uliokataa, waulize kama kazi yao inaweza kufanywa kutoka Nakuru.

Na kama huna kazi kabisa, hii hesabu si yako leo. Kukataa ni kwa aliye na mahali pa kusimama. Chukua, ujipange, utachagua baadaye.

Mwenye mahali pa kusimama, uliza mambo matatu kabla ya kusema ndiyo: mkononi ni ngapi, mkataba ni wa muda gani, na nani atafanya ninayofanya hapa? Mjomba akipiga, msomee karatasi yako. Akiona bado umekosea, mwambie akuongezee hiyo 15,700.