Kitovu Kimezikwa Hapa

Katika mikutano ya kampeni ya Visiga, na kote kati ya Kongowe na Mlandizi, nasaba hutangulia sera. Mgombea hutaja alikozaliwa, humtaja bibi yake aliyekuwa na mikorosho yake, kisha huja na kauli inayopigiwa makofi kuliko ahadi yoyote: kitovu changu kimezikwa hapa. Mpinzani wake ni wa kuja, mtu wa Dar es Salaam. Kabila halitajwi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kusimama kwa msingi wa dini, kabila au eneo, na wagombea wetu wanaijua. Uzawa haujakatazwa.

Wengi wangependa tuukemee tu tuendelee na mengine. Tunakataa, kwa sababu nyuma ya makofi yale kuna hoja ya kweli inayoporwa mchana kweupe. Pembezoni mwa Barabara ya Morogoro mashamba yamegeuka viwanja. Mzee aliuza kwa ekari, dalali akauza kwa mita. Mtoto wa mzee huyo leo anaendesha bodaboda akipita kando ya ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu "Eneo hili haliuzwi", na aliyejenga ukuta ule hamjui. Na maji ni vivyo hivyo: bomba kuu la mtambo wa maji wa Ruvu Juu linaanzia hapo Mlandizi kwenda Dar es Salaam. Upanuzi wa mtambo ule uliongeza uwezo wake kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku. Nani ameunganishwa na nani bado ananunua kwa dumu ni swali la kila mtaa linakopita.

Kijana huyo akisikia uzawa unasifiwa, anasikia shamba lake. Mgombea amechukua uchungu wake akamlipa kwa sifa isiyogharimu senti. Barabara iliyoahidiwa hukaguliwa, zahanati hukaguliwa, kuzaliwa hakukaguliwi. Baada ya miaka mitano atarudi akiwa bado amezaliwa palepale.

Nchi hii ilikwisha kuujadili mzozo huu wa uzawa. Januari 1958, mkutano wa TANU Tabora ulikubali mfumo wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama cha ANC, akidai Tanganyika iwe ya Waafrika tu. Mwaka 1962 alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais na akaambulia kura 21,276 kati ya zaidi ya milioni 1.1. Wengi huishia hapo. Mimi huvutiwa zaidi na mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Katika majimbo mengi wagombea walikuwa wawili, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Walizunguka pamoja, walihutubia kwa Kiswahili, na walikatazwa kugusa kabila, dini au rangi. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Dar es Salaam. Paul Bomani, waziri wa fedha, Msukuma aliyejenga ushirika wa pamba kwa mikono yake, alishindwa nyumbani kwao Mwanza, wakati wakulima wakiunung'unikia ushirika huohuo. Usukuma wake haukuwa na shaka hata kidogo.

Lakini kanuni zilezile zilimzuia mgombea kupinga sera ya chama, na kasoro hiyo bado tunaishi nayo. Kwenye kura za maoni za ndani ya chama, wagombea wote wana ilani moja. Hawawezi kutofautiana kwa sera, basi wanatofautiana kwa kuzaliwa. Na pale mteule anapopita bila kupingwa, kama ilivyokuwa katika majimbo zaidi ya 20 mwaka 2020, mashindano ya nasaba ndiyo mashindano pekee ambayo mwananchi ameyaona. Anayetaka kampeni za hoja, aanze kwa kudai kuwe na mshindani.

Wakenya walijaribu njia nyingine mwaka 2022: mazungumzo yalihama kutoka kabila kwenda kwa hasla, yaani mhangaikaji wa riziki, dhidi ya watoto wa vigogo. Ilionekana kama hoja, ila bado ilikuwa jibu la swali la wewe ni nani. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, na jina la hasla halikuwapunguzia kodi.

Kwa hiyo wagombea tuliozungumza nao kwa ajili ya toleo hili hatukuwauliza walizaliwa wapi. Tuliwauliza daftari la mauziano ya ardhi la mtaa linatunzwa na nani, na kama mwananchi anaruhusiwa kulifungua. Tuliwauliza ile asilimia 10 ambayo wanunuzi wamekuwa wakitozwa kwenye ofisi nyingi za mitaa inakatiwa risiti ipi. Tuliwauliza ni kaya ngapi zitaunganishiwa maji, mtaa gani utaanza, na fedha zitatoka fungu lipi. Majibu yao tumeyachapa kama walivyoyatoa, pamoja na nafasi tupu kwa wale walioanza tena kutueleza habari za bibi zao.