Fungueni hizo waya, jamani!

Nimeadimika humu, zamu za usiku zimenibana. Leo nimerudi na hasira, na sababu ni ile picha ya miembe mitatu niliyotuma hela inunuliwe mwaka juzi.

Kila mche umefungwa waya kwenye nguzo, kuanzia chini mpaka shingoni. Waya umeshaanza kuzama kwenye gome. Nilipouliza nikajibiwa, "Tunaitunza isianguke." Hapana! Huko ni kuinyonga polepole. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome. Gome likikabwa, mizizi inalala njaa.

Mnajua nafanya kazi wodi ya mifupa huku Uingereza. Mtu akifunguliwa hogo baada ya wiki sita, mguu umesinyaa kwa sababu haukufanya kazi. Shina nalo ni hivyo hivyo: hunenepa na kukaza kwa kuyumbishwa na upepo. Mkilizuia, litabaki kama fimbo ya mwalimu.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mche wangu wa epo hapa nyuma ya nyumba niliufunga juu kabisa, nikausahau miaka miwili. Siku nilipoufungua, ukainama mpaka chini. Mzee jirani ndiye aliyenifundisha: kigingi kimoja, upande upepo unakotokea, ufungo mmoja mpana na uliolegea, theluthi ya urefu kutoka chini, ukifika mwaka au miwili, toa.

Mtasema, "Na mbuzi je?" Mbuzi dawa yake uzio, siyo waya shingoni. Na kinachoshika mti ni mizizi, na mizizi inataka maji. Kiangazi mwageni ndoo nzima taratibu, mara mbili kwa wiki, siyo kikombe kila jioni. Tandazeni majani makavu, ila yasiguse shina.

Kila Aprili 1 tuna Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, watu wanapiga picha na majembe. Siku ya kurudi kuiangalia ile miti iko wapi?

Baba mdogo, usinikasirikie mwanao. Chukua koleo, kata waya bila kuchubua gome. Mche ukilegea, ufunge chini kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Jumapili nasubiri picha nyingine.

Nawapenda wote.