Operesheni Vijiji Darasani: Swali Lisilokuwamo katika Muhtasari

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana niliketi nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya wilaya ya Bariadi, nikimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha habari za Azimio la Arusha. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Ubaoni alikwisha kuandika tarehe 5 Februari 1967, chini yake maana ya Ujamaa na ya Kujitegemea, na mwishoni sentensi hii: "Wananchi walihamia vijijini ili wapate huduma." Mtoto mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "babu anasema sisi hatukuhamia, tulihamishwa. Nyumba yetu ya zamani ilibomolewa. Je, ni vijiji hivyo hivyo?" Mwanachuo akanitazama mimi, kisha akautazama ubao, akajibu kwamba jambo hilo halimo katika muhtasari. Mtoto akaketi.

Simlaumu mwanachuo yule. Sisi wakufunzi ndio tuliomfunza kuliogopa swali la namna hiyo. Mimi mwenyewe nilizaliwa miaka mingi baada ya operesheni kwisha, na katika shule nilizosoma historia ya nchi tangu Uhuru ilikuwa orodha ya viongozi na tarehe, ambayo niliikariri, nikafaulu, nikaisahau.

Vita vya Maji Maji tunavifundisha bila kusita, kwa kuwa waliotesa walikuwa wageni, nao wamekwisha kuondoka. Historia ya karibu ndiyo ngumu. Mzee aliyehamishwa na mzee aliyesimamia kuhamishwa kwake wangali wakiketi katika mkutano mmoja wa kijiji, na wajukuu wao wanaketi dawati moja. Mwalimu asiyejiandaa atakimbilia sentensi ya ubaoni. Lakini mtoto aliyesikia habari nyingine nyumbani hataacha kumwamini babu yake. Ataacha kuliamini somo. Hiyo ndiyo hasara ninayoihofia, hasa sasa ambapo Historia ya Tanzania na Maadili ni somo linalojitegemea, na mtoto atakayefika sekondari atalikuta tena huko.

Basi yafaa mwalimu ayajue mambo yenyewe. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu (mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 tu), operesheni ilifanyika mwaka 1974. Wasukuma hawakuwa na desturi ya kukaa nyumba kwa nyumba. Kila kaya ilikaa mbali na nyingine, pamoja na mashamba yake, zizi lake, na mara nyingi ngitili yake, yaani eneo la malisho lililofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Watu walipohamishwa, ngitili nyingi ziliachwa bila mwangalizi, na mifugo ikabanana kuzunguka vijiji. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uwe na kazi ya kuzifufua ngitili hizo. Mtoto wa Itilima anayechunga ng'ombe wa baba yake kila Jumamosi anaijua ngitili. Kwa nini tusianzie hapo, badala ya kuanzia Arusha?

Jambo la pili ni chama cha ushirika. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga vyama vyao wenyewe tangu miaka ya 1950, wakaunda chama kikuu kilichoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, akiwamo Paul Bomani miongoni mwa viongozi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa na shughuli zake zikapewa vijiji na mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu virudi.

Lakini mwalimu atakayefundisha machungu peke yake atakuwa ameandika sentensi nyingine ya ubaoni, mbaya kama ile ya kwanza. Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane ifikapo mwaka 1977, na shule nyingi za vijijini zilijengwa katika miaka hiyo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya mwaka 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio, alikiri kwamba wapo watu waliotendewa vibaya, ila alikataa kabisa kwamba mamilioni ya watu waliweza kuhamishwa kwa nguvu. Ikiwa kiongozi wa nchi aliweza kulitamka jambo hili hadharani, sioni kwa nini mwalimu wa darasa la sita anong'one.

Wala si sisi peke yetu tuliopata taabu hii. Huko Kanada watoto wa wenyeji wa asili zaidi ya 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwaachisha lugha na desturi zao, na kwa miaka mingi wanafunzi wa nchi hiyo walimaliza masomo bila kusoma habari hizo. Tume ya ukweli na maridhiano iliyomaliza kazi mwaka 2015 ilitaka zifundishwe tangu chekechea hadi mwisho wa sekondari.

Sasa, njia. Wape watoto maswali machache ya kwenda nayo nyumbani: Mlikaa wapi kabla ya kijiji? Nani aliwaambia mhame, na alisema nini? Mlichukua nini, mkaacha nini? Majibu yatakuja kwa Kisukuma. Wayaandike kwa Kiswahili, nawe umepata somo la lugha bila gharama. Tafuta wazee wawili, mmoja aliyehamishwa na mmoja aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, lakini usiwaalike siku moja. Usiruhusu jina la jirani anayelaumiwa liandikwe daftarini. Tena usimfanye mzee kuwa kitabu kisichokosea: wengine huchanganya njaa ya miaka ile na njaa nyingine, na kama ililetwa na ukame au na kuhamahama, hata wataalamu wanabishana. Mwalimu mkuu akikuambia kwamba mtihani hautauliza hayo, mwonyeshe azimio lako la kazi na kipindi kimoja tu unachokiomba. Usichelewe, maana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amepita 70.

Mwanachuo wangu alimwita yule babu juma lililofuata. Alieleza kwa utulivu jinsi paa lilivyoezuliwa. Mtoto mmoja akamwuliza kwa nini hakurudi kwake baada ya hapo. Akajibu kwamba alirudi, akakaa msimu mmoja, kisha akarejea kijijini, kwa sababu watoto wake walikuwa wakisoma katika shule hii.