YA KALE DHAHABU? WANAOLILIA PEDI ZA PS2 WANALILIA KITU AMBACHO HAWAKUWAHI KUKITUMIA!

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kaposti picha ya pedi nyeusi ya PS2 yenye waya wake mrefu, na ujumbe mfupi tu: zamani pedi zilikuwa pedi, za siku hizi ni mbwembwe. Basi watu wakamiminika. Eti batani za zamani zilikuwa "zinasikia kidole". Eti ukipiga shuti kwa hasira, batani inajua una hasira na mpira unakwenda kwa hasira. Eti kampuni zimetuibia utamu.

Jamani, tulizaneni kwanza.

Ni kweli batani zile zilikuwa zinasikia kidole. Hilo halina ubishi. PS2 ilipotoka Japani mwaka 2000 ilikuja na pedi ya DualShock 2, na karibu batani zake zote, kuanzia zile nne za alama hadi mishale, ziliweza kupima nguvu ya kubonyeza kwa ngazi 256. Chini ya batani kuna raba, chini ya raba kuna karatasi laini ya plastiki yenye kaboni. Ukibonyeza kwa nguvu zaidi, raba inabonyea, inagusa eneo kubwa zaidi, umeme unapita vizuri zaidi, na mashine inajua kidole kimekuja na uzito gani. Kazi safi kabisa.

Sasa swali: huyo anayelia, aliitumia lini?

Watoto wengi wa Dar, Mombasa na Nairobi waliijua PS2 kwenye vibanda vya gemu, na kule ilikuwa ni mpira tu. Winning Eleven, PES, FIFA, basi. Kwenye gemu hizo shuti halipimwi kwa nguvu ya kidole. Linapimwa kwa muda. Ule mstari wa nguvu unajaa kadiri unavyoshikilia batani. Unaweza kuishikilia kama unashika yai na mpira ukapaa juu ya goli, na unaweza kuigonga kama nyundo mpira ukaenda kwa kipa kama pasi. Ile misuli yote ya shingo, ule ulimi nje, kule kuinuka kwenye benchi wakati wa penalti, vyote vilikuwa ni vya mchezaji mwenyewe. Pedi haikuvihesabu. Mwenye kibanda ndiye aliyevihesabu, ndiyo maana alikuwa anafoka kwamba pedi zake zinauliwa.

Na pedi zenyewe zikishakufa, nyingi zilibadilishwa na za kufoji. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Kwa ndani pedi nyingi za namna hiyo zilijua mambo mawili tu: umebonyeza au hujabonyeza. Hakuna mtu kibandani aliyegundua tofauti. Hakuna! Kama hicho kitu kilikuwa utamu wa maisha, mbona kilipotoka kimyakimya hakuna aliyeuliza?

Huo ndio ukweli mchungu. Batani hizo hazikuuawa na roho mbaya ya kampuni. Ziliuawa na wachezaji wenyewe, waliokuwa nazo mkononi na hawakujishughulisha nazo.

Hebu tazama historia yake. Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, nayo ilikuwa na batani za namna hiyo. Ilipokuja Xbox 360 mwaka 2005, hazikuwemo. Sony walivumilia zaidi, wakazibakiza kwenye pedi za PS3, lakini PS4 ilipofika mwaka 2013 nao wakazitupa, wakabaki na L2 na R2 tu zinazopima kidole. Na sababu inaeleweka. Batani ya kawaida inashuka milimita chache tu. Kwenye nafasi ndogo hivyo, mchezaji atajuaje yuko ngazi ya 90 au ya 140? Aliyecheza Gran Turismo 3 kwa batani ya X anakumbuka dole gumba lilivyokuwa linakufa ganzi baada ya mizunguko michache, akitafuta mafuta nusu asiyapate. Batani ndefu ya nyuma, ile ya kuvuta kwa kidole cha shahada, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa sababu unaiona safari yake. Sega walishaiweka kwenye pedi ya Dreamcast tangu mwaka 1998.

Sasa wale wengine msianze kushangilia, wale wa "tulisema, ilikuwa takataka tu". Nyie nanyi mna kesi yenu.

Kwa sababu kuna watengenezaji wachache waliokichukua kitu hicho wakakifanyia kazi ya kweli. Metal Gear Solid 2, mwaka 2001: umemwelekezea mtu bastola, umebadili mawazo, unaachia batani taratibu na silaha inashuka bila kufyatuka. Ukiachia ghafla, risasi imetoka. Halafu ikaja ya 3, mwaka 2004. Unamkamata mlinzi kwa nyuma, kidole kiko kwenye batani ya duara. Ukibonyeza kwa upole unamshikilia tu, unaweza kumhoji. Ukizidisha nguvu kidogo, umemchinja.

Umeelewa kilichofanyika hapo? Hakuna maandishi yanayouliza "unataka kuua, ndiyo au hapana?" Kuna kidole tu. Ukiwa na papara, mtu kafa na hukukusudia. Huruma ilikuwa kwenye dole gumba. Hilo si mbwembwe, mzee, hiyo ni sanaa.

Na hicho ndicho kilichopotea. Gemu hiyo ilipopelekwa Xbox 360 mwaka 2011, mashine isiyo na batani hizo, ilibidi kuua kupewa batani nyingine. Ilipotengenezwa upya mwaka 2025 kwa mashine za sasa, hadithi ni ileile, kwa sababu hakuna pedi hata moja kati ya hizo ambayo duara lake linajua upole. Picha zimekuwa safi mno, majani ya msituni unaweza kuyahesabu. Lakini kuua sasa ni uamuzi wa kuchagua batani. Kuteleza kwa kidole, ile hofu ya kuzidisha kidogo tu, imekwenda. Na anayecheza ya zamani kwenye simu, kwa kugusa kioo, naye anakosa kitu hichohicho.

Hapo ndipo machozi yangestahili kumwagika. Lakini nani anayalia hayo? Staa yule na wafuasi wake wanalilia mashuti ya hasira ambayo hayakuwahi kuwepo. Wanalilia utoto wao, halafu wanamsingizia batani. Wahenga walishasema, mavi ya kale hayanuki. Wamesahau pedi zilizokuwa zinakwenda zenyewe kushoto, wamesahau waya uliokatikia shingoni ukashikwa kwa gundi.

Hatari yake ni kwamba watu wa namna hiyo hawaokoi chochote. Leo pedi ya PS5, iliyotoka mwaka 2020, ina L2 na R2 zinazokaza zenyewe kulingana na kinachotokea kwenye gemu: upinde unavutika kwa tabu, breki inakuwa ngumu. Kitu kipya kabisa. Na wachezaji kibao wanafanya nini? Wanaingia kwenye mipangilio wanaizima, eti inawachelewesha kwenye gemu za risasi. Sawa, ni haki yao. Ila mtengenezaji akiona wanazima hatahangaika kuibunia kazi, na siku moja itaondolewa, kama ile ya kwanza. Halafu zitaanza posti za "zamani pedi zilikuwa pedi".

Unayeipenda kweli pedi ya zamani, fanya kitu kimoja badala ya kuposti. Itafute ile orijino, ipanguse vumbi, weka Metal Gear Solid 3, mkamate mlinzi, mshikilie dakika nzima bila kumuua. Ukiweza, una haki ya kulia. Ukishindwa, basi ulichokuwa unakikumbuka ni kibanda, si pedi.

Wewe mdau uko upande gani? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi tupa kule.