Kilio cha Mtoto wa Mbwa Si Mkosi

Runzewe ni mji wa barabarani. Malori yanayotoka Kahama kwenda Nyakanazi, na kutoka huko kwenda Rwanda na Burundi, yanapita hapa usiku na mchana. Ni mji wa maduka, wa wachimbaji na wa wafugaji, na kila mwenye duka, karasha la kusagia mawe ya dhahabu au zizi anatafuta mbwa. Anayetafutwa ni mkubwa na mkali. Anayeletwa nyumbani ni mdogo wa wiki chache, amebebwa ndani ya kiroba kwenye bodaboda, na ikifika saa nne usiku anaanza kulia. Analia mpaka alfajiri. Siku ya tatu mwenye nyumba, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, anampiga kwa ufagio, anamrudisha alikomtoa, au anamwacha azurure mitaani.

Nimefuga mbwa kwa miaka mingi, na majirani wanaponieleza tabu hiyo huja na maneno yaleyale waliyoambiwa na wengine. Mengi si kweli. Nitayajibu, na la kwanza nitakaa nalo muda mrefu kwa sababu ndilo linaloumiza wengi zaidi, mbwa na watu.

“Mwache alie, atanyamaza mwenyewe.”

Atanyamaza kweli, kwa sababu atachoka. Kesho yake ataanza upya, na safari hii tenga ulimomlaza atakuwa amelichukia.

Fikiria anatoka wapi. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka katika wiki ya pili, na wiki za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Joto analipata kwa mama na kwa ndugu zake. Tangu azaliwe hajalala peke yake hata usiku mmoja. Wewe umemtoa kwenye rundo lile la miili yenye joto, ukamweka gizani, mahali penye harufu ngeni. Kilio chake ni wito. Mnyama wa umri ule akipotea usiku anakufa, na sauti ndiyo silaha pekee aliyopewa ili mama amsikie na kuja.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1961 watafiti Elliot na Scott, waliokuwa wakichunguza mbwa katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walitoa matokeo yao kuhusu watoto wa mbwa waliotengwa na wenzao. Aliyeachwa peke yake mahali pageni alilia zaidi sana kuliko aliyeachwa peke yake mahali alipopazoea. Kwa hiyo upweke ni shida moja, na ugeni wa mahali ni shida ya pili inayoongezwa juu yake. Ya pili unaweza kuiondoa mchana, kabla giza halijaingia.

Mlete mbwa wako nyumbani asubuhi, si jioni. Weka tenga au kasha lake wazi pale watu walipo. Mpe chakula ndani yake. Akisinzia mchana, na atasinzia sana kwa kuwa umri huo hulala saa 18 na zaidi kwa siku, mlaze humo na mlango uuache wazi. Ikifika usiku tenga halitakuwa geni tena. Siku ya kumchukua, beba kipande cha kanga kuukuu, ukisugue kwa mama na kwa ndugu zake, kisha ukitandike humo. Miezi ya Juni na Julai usiku wetu una baridi. Jaza chupa maji ya moto, funga kifuniko vizuri, izungushie kitambaa kizito na umwekee ubavuni, ukimwachia nafasi ya kusogea akiona joto limezidi.

Kisha weka tenga karibu na kitanda chako. Hapa ndipo wengi wanakataa, na hapa ndipo usingizi unapopatikana. Akianza kunung’unika, shusha mkono umguse, au sema neno moja kwa sauti ya chini. Baada ya usiku kama nne sogeza tenga kuelekea mlangoni, kisha sebuleni, kisha kibarazani au kwenye banda lake. Akianza kulia upya, umekwenda haraka. Rudi hatua moja. Wengi wao safari hiyo huimaliza katika wiki mbili au tatu.

Kwa nyumba za Waislamu najibu tofauti kidogo. Mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, ila mate yake ni najisi kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea kwetu, na mwenye nyumba ana haki ya kutomlaza ndani. Tenga liwekwe kibarazani, limekingwa upepo na mvua, chini ya dirisha la chumba chako. Atasikia kikohozi chako na sauti yako, na hilo si dogo kwake.

Kuna kilio kingine kisichohusu upweke hata kidogo. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili anaweza kubana mkojo kwa takriban saa tatu, si zaidi sana. Ukimlaza saa nne usiku, mtoe saa saba, mtoe tena saa kumi. Mbebe mpaka nje, mweke pale pale ulipomweka jana, ngoja akojoe, mrudishe. Usimchezee, usimwashie tochi usoni, usimpe chakula. Akijifunza kwamba kutoka usiku ni kwa haja tu, ataacha kukuamsha kwa mchezo. Kadiri anavyokua unaondoa zamu moja, na akifika miezi minne wengi wao wanafika asubuhi bila kuamka.

“Mshibishe ugali na dagaa, atalala fofofo.”

Aliyeshiba saa tatu usiku atataka kwenda haja usiku wa manane, na kama umemfungia atachafua tenga, kisha atalia kwa sababu amelalia kinyesi chake. Chakula cha mwisho kiwe saa kumi na mbili jioni, na maji yaondolewe muda mfupi kabla ya kulala, isipokuwa joto likiwa kali. Isitoshe, chakula hakitulizi upweke. Mwaka 1977 Pettijohn na wenzake walijaribu vitu mbalimbali kwa watoto wa mbwa waliotengwa: chakula, vitu vya kuchezea, kitambaa, kioo, mbwa mwingine, mtu. Chakula hakikusaidia lolote la maana. Vitu laini vilisaidia kiasi. Aliyetuliza kuliko vyote alikuwa mtu.

“Mbwa akilia usiku anaona mizimu, kuna msiba unakuja.”

Nimesikia hili kwa wazee ninaowaheshimu, na sitawadharau. Lakini mtoto wa mbwa analia usiku wa kwanza katika kila nyumba anayopelekwa, na kama kila kilio kingeleta msiba mji huu usingebaki na mtu. Angalia badala yake kama tumbo limemjaa kama ngoma. Minyoo huipata kwa mama yake hata kabla hajazaliwa, na dawa ya minyoo huanza kutolewa akiwa na wiki mbili hivi, ikarudiwa. Angalia viroboto: mwenye viroboto hawezi kulala kwa kujikuna, na wakiwa wengi humnyonya damu mpaka ufizi ukapauka. Usimwogeshe dawa ya josho iliyopimwa kwa ng’ombe, inaweza kumuua. Mpeleke kwa ofisa mifugo.

“Ukimdekeza hatakuwa mkali. Mbwa wa ulinzi lazima ateseke.”

Hapa napinga kwa nguvu zote. Nimeona mbwa wakilishwa pilipili, wakifungwa mnyororo mfupi kwenye mti tangu wakiwa na miezi miwili, wakipigwa ili “wachukie watu”. Pilipili inaunguza tumbo na haimfundishi mbwa kumtofautisha mgeni na mwenyeji. Mwaka huohuo wa 1961, jarida la Science lilichapisha jaribio la Freedman, King na Elliot: watoto wa mbwa waliolelewa bila kukaa na watu mpaka wiki ya 14 walikuwa waoga kama wanyama wa porini, na kuwazoeza baadaye kulikuwa kazi ngumu mno. Mbwa mwoga si mlinzi. Mwoga humng’ata mtoto wa jirani aliyekuja kuchota maji, na mwizi mwenye fimbo akija anajificha uvunguni mwa lori.

Mlinzi anabweka kwa sababu ana watu wake na mahali pake, na amewajua kwa utulivu. Kubweka kwa ulinzi kunakuja kwenyewe anapokaribia kukomaa, kwa kawaida baada ya miezi sita. Wiki tatu za kulala karibu nawe hazimwondolei hilo hata chembe. Zinamwonyesha nani ni wake.

“Kumfungia kwenye tenga ni ukatili.”

Wanaosema hivi wana huruma, na nawaheshimu. Inategemea tenga gani na kwa muda gani. Kumfungia kutwa nzima ni ukatili. Kumlaza humo usiku, ukimtoa kwa zamu, ni kumkinga: na barabara yetu yenye malori, na nyoka, na madimbwi ya maji yenye zebaki au sianidi kwenye maeneo ya makarasha, ambayo mbwa mdogo mwenye kiu huyanywa bila kujua.

Liwe kubwa kiasi cha kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Likizidi sana atafanya kona moja choo na nyingine kitanda. Tenga la kuku linafaa akiwa mdogo, mradi nafasi kati ya fito ziwe nyembamba asije akapitisha kichwa kikakwama. Kasha la mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, lenye nafasi za hewa pande zote, ni bora zaidi. Kreti ya soda ni ndogo na matundu yake yanakamata makucha. Pipa au boksi lililowahi kubeba sianidi au dawa ya pamba usilitumie, hata ukiliosha mara kumi. Na mvue kamba ya shingoni kabla hujafunga mlango, kwa kuwa ikinasa kwenye ufito itamnyonga nawe umelala.

“Akikojoa ndani msugue pua kwenye mkojo.”

Haelewi. Anachojifunza ni kukuogopa wewe na kujificha anapokojoa. Pangusa mahali hapo kwa maji na siki ili harufu iishe, kisha mtoe nje mapema zaidi usiku unaofuata.

“Mchukue akiwa mdogo kabisa, wiki nne, ndipo atakuzoea.”

Wiki nne ni mapema mno. Bado ananyonya, na ndugu zake ndio wanaomfundisha kung’ata bila kuumiza. Ngoja atimize wiki nane. Wiki hizo nne za kusubiri zitakupunguzia usiku mwingi wa kelele, na mbwa atakayekuja atakuwa ameshazoea kula chakula kigumu na yuko tayari kuanza chanjo za magonjwa ya utotoni. Akitimiza miezi mitatu mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao mtu akishaonyesha dalili zake karibu hapana anayepona.

Ndugu msomaji, kama usiku huu yupo mmoja analia nyumbani kwako, weka ufagio chini. Mtoe nje akojoe, kisha lisogeze tenga lake kando ya kitanda chako.